Maji ya Eisi na Ua la Mamangu: Kutunza Gadenia Mombasa

Mimi ni fundi wa eisi, yaani viyoyozi. Kilimo sikukisomea, na gadenia yangu ya kwanza niliiua kwa mikono yangu ndani ya miezi minne. Ya pili ilijikokota miezi sita, nikaona ni maendeleo. Hii ya tatu ina miaka tisa sasa, imenifika kifuani, na leo asubuhi nimehesabu vitumba kumi na saba kabla ya kubeba kisanduku changu kwenda kazini.

Aliyenitia katika mambo haya ni mamangu, Mungu amrehemu. Alikuwa akishona vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, Kibokoni: asumini, mkadi, rihani, na langilangi zikipatikana. Siku moja alialikwa harusi nyumba moja ya Kizingo, akakuta ua jeupe limeelea kwenye sinia la maji na ukumbi mzima unanukia. Aliporudi hakusimulia pilau wala biharusi. "Nitafutie ua lile," akaniambia. "Si asumini, si afu. Lanukia kama asumini na langilangi zimetiwa chungu kimoja."

Nikaenda kulitafuta, na nikaanza kukosea.

Hakikisha kwanza ni gadenia

Kosa la kwanza lilikuwa dukani. Kijana wa miche kando ya barabara aliniuzia kichaka chenye majani ya kung'aa na maua meupe yaliyojikunja, akaapa kwamba ndiyo gadenia. Nilipofika nyumbani jani moja likakatika, yakatoka maziwa. Gadenia haina maziwa. Mimea kadhaa yenye maua meupe ya kunukia huuzwa kwa jina lake, kwa hivyo kabla ya kutoa pesa vunja kijani kidogo cha pembeni utazame. Ukiona utomvu mweupe, mrudishie mwenyewe.

Gadenia ya kweli ina majani ya kijani kilichokoza, yametoka mawili mawili yakitazamana au matatu matatu, na mishipa yake imezama kama mikunjo ya shati lililopigwa pasi. Inayouzwa kwetu ni ile ambayo wataalamu huiita Gardenia jasminoides. Asili yake ni Mashariki ya Mbali: China, Taiwan, Japani na nchi za jirani. Wengi hudhani jina limetokana na neno la Kizungu la bustani, kumbe ni jina la mtu. Mwaka 1761 mtaalamu wa mimea John Ellis aliupa mmea huu jina la rafiki yake Alexander Garden, daktari Mskoti aliyekaa Charleston, kule Marekani. Ni wa ukoo mmoja na mkahawa, jambo tutakalolirudia mbele kidogo.

Unapochagua mche, usivutiwe na maua yaliyokwisha kufunguka. Chukua wenye vitumba vidogo vilivyofumba. Geuza majani utazame upande wa chini kama kuna wadudu. Mizizi ikiwa imetoka chini ya mfuko wake na kujizungusha kama waya ulioviringwa, ujue mche umekaa sana kitaluni.

Chokaa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo gadenia nyingi za Mombasa hufia huku wenyewe wakilaumu joto. Joto inalivumilia. Isichokivumilia ni chokaa.

Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe. Wareno walipojenga Ngome (Fort Jesus) kati ya 1593 na 1596 waliijenga kwa jiwe hilo, juu ya jiwe hilo. Kuta za Mji wa Kale ni matumbawe, na chokaa iliyozishika ni matumbawe yaliyochomwa. Chimba kidogo tu, sehemu nyingi utalikuta. Sasa, gadenia inataka udongo wenye asidi kidogo, pH 5 mpaka 6 hivi (pH ni kipimo cha asidi, nambari ikipanda asidi inapungua). Rafiki yangu anayesafisha mabwawa ya kuogelea alinipimia udongo wa kiwanda chetu (uwani kwetu) kwa vifaa vyake, ukapita 8.

Udongo ukiwa hivyo, madini ya chuma yamo ila mizizi haiwezi kuyachukua. Ni kama mtu mwenye njaa aliyewekewa wali ndani ya kabati lililofungwa kufuli. Dalili yake huijui mara ya kwanza, lakini ukiiona mara moja huisahau: majani machanga, yale ya juu kabisa, hugeuka manjano na mishipa inabaki kijani, mpaka jani linaonekana kama ramani ya mito. Majani ya zamani ya chini yakigeuka manjano moja moja na kuanguka, hilo ni jambo jingine, mara nyingi uzee tu au njaa ya mbolea ya kawaida. Anza kutazama juu.

Kupima udongo bila vifaa ni rahisi. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, uweke kisahanini, utonee siki nyeupe. Ukitoa povu na kuchemka kidogo, una chokaa. Usipande gadenia humo.

Chokaa ina njia nyingi za kuingia, na mimi nimepitia karibu zote. Gadenia yangu ya pili niliiweka kiwandani chini ya ukuta, mahali pazuri penye jua la asubuhi. Wiki moja kabla ya Idi tukapaka nyumba chokaa kama kawaida. Matone yakadondoka chunguni, mvua ikaosha ukuta, na kwa muda wa mwezi mmoja mti wote ukawa rangi ya manjano ya dengu. Ukuta wa zamani hata usipopakwa hutoa chokaa kila mvua inyeshapo. Weka chungu chako mbali nao, angalau urefu wa mkono.

Vile vyungu vya saruji vinavyouzwa barabarani, vizuri kwa macho, navyo vinatoa chokaa taratibu. Tumia cha udongo wa kuchoma au cha plastiki. Changu ni ndoo ya rangi ya lita 20, nimeitoboa matundu manane chini kwa drili. Si pambo, lakini mmea hauna malalamiko.

Jivu nalo lina tabia ileile. Bibi zetu walitia jivu la jikoni kwenye kila mmea, na mingi ilinawiri. Kwa gadenia, jivu ni sumu ya polepole. Maganda ya mayai vivyo hivyo. Na mchanga wa pwani, ambao ni mweupe, safi na wa bure, ni simbi na matumbawe yaliyosagika. Utonee siki usikie unavyolia.

Maji, na kazi yangu ilivyoniokoa

Baada ya udongo, maji. Maji ya kisima cha Mombasa mara nyingi yana chokaa na chumvi pamoja. Tazama ndani ya birika: ule ukoko mweupe ndio unaomwagia mmea wako kila siku. Sabuni ikikataa kutoa povu, jibu ni hilohilo. Chumvi ina alama yake: ncha za majani huungua na kuwa kahawia, kama zimepitishwa kwenye mshumaa.

Maji ya mfereji huwa afadhali, siku yakitoka. Ya mkokoteni, muulize mwenyewe ameyateka wapi na usimwamini mpaka umeonja. Maji ya mvua ndiyo bora. Wakati wa mvua za mwaka, Aprili mpaka Juni, kila mtu ana maji mazuri bure yanayomiminika barabarani. Kinga pipa. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, ndipo uanze kukinga.

Lakini mvua za mwaka zikiisha na vuli ikachelewa? Hapo ndipo kazi yangu ilipoingia. Eisi ikiwaka, mabomba yake ya ndani huwa baridi, na hewa ya Mombasa ilivyojaa unyevu hutoa jasho juu yake kama gilasi ya maji ya barafu. Jasho hilo hushuka kwa mpira mdogo mpaka nje ukutani, likawaloesha wapita njia wakatukana. Miaka mingi nilikuwa naelekeza mipira hiyo kwenye mitaro. Siku moja nikajiuliza: maji haya hayajagusa jiwe, hayajagusa kisima, chokaa yatakuwa ameyapa nani? Rafiki yangu wa mabwawa akayapima. Hayakuwa na chokaa.

Eisi ndogo ya chumbani, ile ya BTU 12,000, ikifanya kazi usiku kucha msimu wa kaskazi, asubuhi nakuta ndoo ya lita 10 imejaa au imekaribia. Hayo yanatosha gadenia na yanabaki. Tia mpira kwenye mtungi, funika mdomo kwa kitambaa mbu wasizalie humo. Dengue tunaijua hapa. Kuna masharti mawili. Eisi ikitoka kuoshwa kwa dawa, mwaga maji ya siku tatu nne za mwanzo, na mwambie fundi wako akuarifu akitumia dawa. La pili, hayo si maji ya kunywa kabisa, hata yaonekane safi vipi.

Kama huna mvua wala eisi, tia siki kijiko kimoja cha mezani katika lita 4 za maji ya mfereji, mara moja kila wiki mbili. Siki hupunguza nguvu ya chokaa. Chumvi haiiondoi, kwa hivyo usidhani maji ya kisima yenye chumvi yatapona kwa siki.

Kiasi cha kumwagia usikipange kwa kalenda. Tia kidole udongoni mpaka kiungo cha kwanza. Pakiwa pakavu, mwagia mpaka maji yatoke chini, halafu mwaga yaliyobaki kisahanini. Pakiwa na unyevu, ondoka. Msimu wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, chungu changu hunywa kila siku. Mwezi wa Mei huenda kikakaa wiki nzima bila tone langu. Mizizi ikikaa kwenye tope huoza, na mmea uliooza mizizi hunyauka sawasawa na wenye kiu, kwa hivyo mtu huuona, huuhurumia, huuongezea maji, na huo ndio mwisho wake.

Mchanganyiko wa kutilia chunguni

Watu wa ng'ambo hutumia majani ya kinamasi yaliyooza, ambayo sisi hatuna. Tuna makumbi ya nazi, tena yana asidi inayofaa. Tafuta unga wa makumbi, ule unaobaki baada ya kutoa usumba. Ila angalia yametoka wapi. Mimi nilichukua gunia zima kwa akina mama wanaosuka kamba, nikafurahi. Sikufikiri kwamba makumbi ya kamba hufukiwa kwenye tope la bahari miezi kadhaa ndipo yapondwe. Nikampandia mteja wangu gadenia kwenye chumvi tupu. Nilimlipa. Tangu siku hiyo unga wowote wa makumbi naulowesha kwenye maji matamu usiku mmoja, naukamua, narudia mara tatu, halafu naonja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi.

Kipimo changu ni mafungu matatu ya unga wa makumbi, mawili ya udongo mwekundu ule unaoletwa na malori kutoka upande wa Kwale (upime kwa siki kwanza, malori yana siri nyingi), moja la mchanga wa mto, na moja la samadi ya mbuzi ya zamani isiyonuka tena. Samadi mbichi huunguza. Panda mche usawa uleule uliokuwa nao kitaluni, au juu kidogo. Usiuzamishe shingo.

Kupanda nje

Katika kiwanda cha Mji wa Kale usipande ardhini. Chungu tu. Dada yangu ana nyumba Mtwapa, ana nafasi, naye alikataa ushauri wangu. Alichimba shimo jiwe likiwa chini, akajaza udongo mzuri, na mwaka wa kwanza ulikuwa wa raha tupu. Mwaka wa pili mizizi ikafika pembeni, maji ya jiwe yakaingia, majani yakaanza ramani ya mito. Tulichofanya baadaye ni kujenga kitalu cha mbao kilichoinuka kama sentimita 40 juu ya ardhi, tukakijaza mchanganyiko ule wa makumbi. Kimekaa miaka mitano bila taabu.

Jua: la asubuhi mpaka saa nne au saa tano, kisha kivuli chepesi. Jua la saa nane la Februari linachoma majani yakawa na mabaka meupe. Upande wa mashariki wa mwembe ni mahali pazuri, ukiacha nafasi kidogo ili mwembe usinywe maji yote.

Upepo wa bahari hubeba chumvi. Nyumba yako ikiwa inatazama maji moja kwa moja, weka ukuta wa makuti au kichaka kigumu kati ya gadenia na bahari, na baada ya siku za upepo mkali osha majani kwa maji matamu.

Juu ya udongo tandaza majani makavu ya mvinje, unene wa vidole vitatu, yasiguse shina. Mvinje ni mti wa kustaajabisha. René Haller alipoanza mwaka 1971 kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, palipokuwa jiwe tupu, mvinje ulikuwa miongoni mwa miti michache iliyokubali. Ukienda leo Haller Park utatembea msituni. Gadenia haina moyo huo hata kidogo. Lakini majani ya mvinje yanaufaa: yanaweka unyevu, yanaoza polepole, na yanakuzuia kulima. Usipalilie gadenia kwa jembe. Mizizi yake iko juu juu, ng'oa magugu kwa mkono.

Kwenye mchanga kuna pia minyoo midogo isiyoonekana inayotia mizizi vinundu. Florida, Marekani, huunganisha gadenia juu ya shina la jamaa yake wa Afrika Kusini anayeistahimili. Sisi dawa yetu nyepesi ni kitalu cha kuinua na samadi iliyoiva.

Ndani ya nyumba

Wengi wa wateja wangu wanakaa fleti, na gadenia wanaitaka sebuleni. Inawezekana, ila inataka mwanga kuliko unavyodhani. Iweke dirisha la mashariki kabisa, karibu na kioo, au roshani. Kona ya ukumbi karibu na televisheni itakupa majani marefu na maua hakuna.

Maelezo mengi utakayoyasoma yanasema weka kokoto na maji chini ya chungu, puliza majani maji asubuhi na jioni. Hayo yameandikwa kwa watu wenye baridi na hita. Hewa ya Mombasa ina unyevu wa kutosha kuozesha viatu kabatini. Kukaushwa ni kwa eisi peke yake. Upepo wa eisi usipige mmea: kama nywele zako zinatikisika umekaa pale, gadenia isikae pale. Na sehemu ya nje ya eisi ni mbaya zaidi. Nimekuta zaidi ya mara moja chungu kimewekwa mbele ya feni ya nje ili kikinge matone. Feni ile inatoa joto lote la chumba. Kinga maji, sogeza chungu.

Wenye paka wajue kwamba majani haya yakiliwa humtapisha paka na kumharisha. Mji wa Kale paka ni wengi kuliko watu, na bado sijaona aliyeyapenda.

Vitumba vinaanguka

Hili ndilo swali ninaloulizwa hata nikiwa juu ya ngazi. Sababu ni nyingi, lakini kubwa ni kwamba gadenia hufunga vitumba vizuri usiku ukiwa nyuzi 15 mpaka 18. Baridi yetu sisi, Julai na Agosti, usiku ni nyuzi 20 au 21. Kaskazi ni 24 na zaidi. Kwa hivyo usijilinganishe na binamu yako wa Nairobi. Wangu huanza vitumba Juni kusi ikivuma, na hufungua mpaka Septemba. Kitumba kinachotoka Februari sikitegemei.

Nilijaribu ujanja. Niliingiza mmea karakanani, nikaweka eisi nyuzi 18 usiku kucha kwa wiki mbili. Hewa kavu iliviangusha vitumba vyote, na bili ya stima sitaitaja kwa sababu mke wangu husoma ninachoandika.

Kinachosaidia ni kuiweka pahali penye hewa ya nje usiku wa kusi, si ndani ya chumba kilichofungwa, na kutoihamisha. Vitumba vikishaonekana, usiisogeze, usiigeuze. Mwaka mmoja tulikuwa na arusi ya mpwa wangu, nikaona fahari, nikaibeba ikiwa na vitumba tisa nikaiweka ukumbini wageni waione. Siku ya tatu ilikuwa na kimoja. Kiu ya siku moja huviangusha pia, na tope la wiki nzima.

Chakula

Maji ya mvua na ya eisi hayana madini, ndiyo uzuri wake na ndiyo upungufu wake. Kwenye duka la dawa za kilimo ulizia salfeti ya amonia, wao huiita SA. Kijiko kimoja cha chai, kisichojaa, katika lita 5 za maji, mara moja kwa mwezi mmea unapokua, na udongo uwe umeshalowa. SA huongeza asidi. Usichukue mbolea ya CAN ingawa ndiyo wanayokupa upesi. Ina chokaa ndani yake.

Majani ya juu yakiwa manjano, taka madini ya chuma yenye herufi EDDHA kwenye pakiti. Yenye EDTA ni rahisi kupata lakini hupoteza nguvu kwenye chokaa. Hiyo afadhali uipulize kwenye majani. Fuata kipimo cha pakiti. Majani mapya ndiyo yatakayokujibu baada ya wiki mbili tatu, yale ya zamani hayarudi kijani chake chote.

Muuza kahawa chungu wa pale mtaani huniwekea machicha. Watu huamini yana asidi nyingi. Ukweli ni kwamba asidi imekwenda na kahawa, yenyewe yako karibu katikati. Nayatandaza kidogo tu, unene wa kucha, yakizidi hugandamana yakazuia maji. Naendelea kwa sababu mzee hunichekesha: nilipomwambia mkahawa na gadenia ni ndugu, alisema basi nimekuwa nikimlisha mtu maiti ya ammi yake.

Wadudu

Ukiona maji moto, wale sisimizi wekundu tunaowaita chungu, wanapanda na kushuka, usihangaike nao kwanza. Fuata njia yao. Watakupeleka kwa vidung'ata, wale weupe kama pamba kwenye mapindo ya majani, au wadudu wenye magamba kwenye shina. Chungu huwachunga kama ng'ombe kwa ajili ya utomvu wao mtamu. Utomvu huohuo ndio unaoota masizi meusi juu ya majani. Masizi si ugonjwa wenyewe, hutoka kwa kitambaa chenye maji.

Wakiwa wachache, waondoe kwa kidole. Wakiwa wengi, kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mwarubaini na matone ya sabuni ya maji katika lita moja ya maji ya vuguvugu, tikisa, pulizia jioni jua likishazama, zaidi upande wa chini wa majani. Rudia kila baada ya siku saba, mara tatu. Chungu chako kikiwa juu ya kigoda, paka grisi miguu ya kigoda, maji moto hawavuki. Shina lenyewe usilipake.

Kukata, kuotesha, kuvuna

Kata maua yakishaisha, si baadaye. Kwangu ni mwisho wa Septemba au Oktoba. Ukikata Mei unakata maua yako ya Julai.

Vipande usivitupe. Chagua tawi ambalo si bichi la kijani wala si gumu la kahawia, sentimita 10 hivi, kata chini kidogo ya mahali majani yanapotokea, acha majani mawili ya juu. Chomeka kwenye unga wa makumbi uliooshwa na mchanga wa mto, nusu kwa nusu, ufunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Weka kivulini. Baada ya wiki sita mpaka nane vuta kidogo, kikigoma, kimeshika. Mti wa dada yangu wa Mtwapa ulitoka kwenye chupa kama hiyo. Kuhamishia chungu kikubwa, kila miaka miwili, kizidi cha zamani kwa vidole vitatu tu.

Ua la kwanza la mti huu wa tatu lilifunguka Agosti, mamangu akiwa bado hai. Nilimpelekea kitandani. Akatoa sindano na uzi papo hapo, akataka kulitia kwenye kikuba pamoja na asumini. Alipoligusa kwa kidole gumba, petali ikageuka kahawia palepale mbele ya macho yake. Akalitazama, akairudisha sindano kwenye kijaluba. "Hili halitaki kushonwa," akasema. "Lete bakuli."

Kwa hivyo likate asubuhi mapema, pamoja na majani mawili chini yake, ulishike kwa kikonyo bila kugusa petali, ulieleze juu ya maji. Siku ya kwanza ni jeupe kama maziwa, ya pili lina rangi ya siagi, ya tatu ni chai ya maziwa. Hapo litoe. Na kama limeachwa mtini mpaka likafika rangi hiyo, lichume ili kitumba kinachofuata kisikose chakula.